Malengo yako ya maisha: anza na yale yasiyoweza kusubiri



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya vijana, kijana mmoja alinisubiri mlangoni mwa kanisa. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye masomo yake yamekatika mara mbili kwa sababu ya vita. Katika mafundisho ya siku ile nilikuwa nimewaomba vijana waandike malengo yao ya maisha kwenye karatasi. Karatasi yake ilikuwa nyeupe. Akaniambia: "Baba Mchungaji, unisamehe. Mimi sijui nitalala wapi juma lijalo. Nikianza kuandika mambo ya miaka kumi, si nitakuwa ninamjaribu Mungu?"

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia asikate tamaa, nikamwombea kwa ufupi, nikaenda zangu. Ni maneno ambayo sisi wachungaji tunayasema haraka tukiwa tumechoka. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa, na ninaliandika kwa ajili yenu nyote, kwa maana najua karatasi nyeupe ni nyingi katika makanisa yetu.

Mfuko wa makaratasi

Kila familia huku kwetu mashariki inaujua mfuko huo. Ndani yake mna vyeti vya kuzaliwa vya watoto, diploma, cheti cha ndoa, karatasi ya kiwanja, kadi ya uchaguzi. Mambo yakiharibika, mmoja anashika watoto, mwingine anashika mfuko. Tuliubeba mwezi wa tano mwaka 2021, Nyiragongo ilipotapika moto na watu wa mitaa mingi ya Goma wakaamriwa kuhama. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, vita ilipoingia mjini, mfuko ulikuwa tena karibu na mlango.

Siku zile hapakuwa na umeme wala maji ya bomba. Tulilala chini, watoto katikati. Asubuhi moja, milio ya risasi ilipotulia kidogo, nilifungua mfuko nione kama hakuna karatasi tuliyoisahau. Chini kabisa nikakuta daftari la zamani la mwanafunzi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa mkono wangu, mwaka 2004: "Mambo nitakayofanya katika maisha yangu, Mungu akinisaidia." Nilikuwa na miaka 24, mwaka wa mwisho wa shule ya theolojia. Sasa nina miaka 46.

Orodha ilikuwa na mambo 19. Nilihesabu taratibu. Manane yalikuwa yametimia: nilimaliza shule, nilioa, nilipata kiwanja, na mengine ya namna hiyo. Matano sikuwahi hata kuyagusa. Manne nilikuwa nimeyasahau kabisa, mpaka nikacheka peke yangu. Na mawili yaliniuma. Nitawaeleza hayo mawili, kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha namna ya kuishughulikia orodha.

Je, kuandika malengo ni kumjaribu Mungu?

Tuanze na swali la kijana. Wengi wakisikia neno "mpango", wanakumbuka Yakobo 4:13-15, mahali mtume anapowakemea wafanyabiashara wanaosema watakwenda mji fulani, watakaa mwaka mzima, watapata faida. Lakini tusome mpaka mwisho. Yakobo hawalaumu kwa kupanga. Anawalaumu kwa kujisifu kana kwamba kesho ni mali yao. Dawa anayowapa ni kusema kwanza: Bwana akipenda. Baada ya maneno hayo bado kuna "tutaishi" na "tutafanya". Mpango unabaki, ila umepiga magoti.

Mithali 16:9 nayo inaweka mambo mawili pamoja: moyo wa mtu unafikiri njia yake, Bwana anaongoza hatua zake. Asiyefikiri njia yoyote amemnyima Mungu hata kitu cha kuongoza.

Na kama mtu anasema hayo ni ya wakati wa amani, asome Yeremia sura ya 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli. Nabii mwenyewe yuko kifungoni. Ndipo Mungu anamwambia anunue shamba la binamu yake huko Anathothi. Yeremia anapima fedha, shekeli 17, anaandika hati, anaita mashahidi, kisha anaamuru hati iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Kwa maneno ya kwetu, Yeremia naye alikuwa na mfuko wake wa makaratasi! Alinunua shamba ambalo siku hiyo hakuweza hata kulikanyaga, kwa sababu Mungu alikuwa amesema kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Basi kijana wangu, kuandika malengo wakati wa vita si kumjaribu Mungu. Kunaweza kuwa njia ya kukiri kwamba vita haina neno la mwisho. Shida iko mahali pengine, nami niliigundua kwa kuchelewa.

Watu wawili walioandika orodha

Desturi ya kuandika orodha ya maisha haikuanza na sisi. Jonathan Edwards, mhubiri aliyejulikana sana katika uamsho wa Marekani, aliandika maazimio yake kati ya mwaka 1722 na 1723, akiwa kijana wa miaka kama 19. Yalifika 70. Alianza kwa kukiri kwamba bila msaada wa Mungu hawezi kutimiza hata moja, na akajiwekea sheria ya kuyasoma mara moja kila juma. Mengi yalihusu namna ya kutumia wakati, kuzuia ulimi, kuishi kama mtu anayejua atakufa. Hata hivyo, mwaka 1731 mtu huyohuyo alinunua msichana mtumwa wa Kiafrika. Maazimio 70, na macho yake hayakuona jambo hilo. Ninalisema ili tukumbuke kwamba orodha inaonyesha tu yale ambayo mwandishi wake anayaona. Kwa sababu hiyo inahitaji Neno la Mungu, na inahitaji macho ya watu wengine.

Mwingine ni John Goddard. Mwaka 1940, akiwa na miaka 15 huko Los Angeles, aliketi akaandika mambo 127 anayotaka kufanya maishani. Kulikuwa na milima ya kupanda, pamoja na Kilimanjaro. Lugha za kujifunza. Biblia ya kusoma yote. Na mito ya kusafiri, ikiwemo Nile na mto wetu Kongo. Mwaka 1950 yeye na wenzake wawili walianza safari katika mitumbwi midogo kutoka vijito vya Kagera huko Burundi, wakaufuata Nile mpaka bahari ya Mediterania, zaidi ya kilomita 6,000. Baadaye alikuja pia kwenye mto Kongo, na huko rafiki aliyesafiri naye alizama akafa. Goddard aliendelea na safari. Alipofariki mwaka 2013, alikuwa ametimiza zaidi ya mambo mia moja katika yale 127.

Ujasiri wake unanifundisha: kijana aliandika, kisha kila mwaka alifanya kitu. Lakini nikifikiri juu ya safari ya Kongo, ninaona pia jambo jingine. Mto ulikuwepo kabla yake na upo mpaka leo. Ungeweza kumsubiri mwaka mmoja, hata kumi. Rafiki hakuwa na muda wa namna hiyo. Hakuna aliyeweza kujua hilo mapema, wala simlaumu mtu. Ninaonyesha tu kwamba katika orodha moja kunakaa vitu vya namna mbili: vinavyosubiri na visivyosubiri. Tukiviandika vyote kwa wino mmoja, tunasahau tofauti.

Namba tatu

Namba tatu katika daftari langu ilisema: "Kumjengea mama nyumba ya bati yenye sakafu ya simenti."

Mama alikaa kijijini katika nyumba ya udongo. Kila majira ya mvua alijua mahali pa kuweka sufuria na mahali pa kuweka beseni, kwa maana maji yaliingia palepale kila mwaka. Nilipoanza kazi ya uchungaji nilikusudia kweli kujenga. Nilianza kuweka pesa kidogo kidogo. Kisha ikaja nafasi ya kuendelea na masomo ya juu, iliyokuwa namba tano. Nilichukua pesa ya bati nikalipa mwaka wa kwanza. Nikamwambia: "Mama, nikimaliza tu masomo, nyumba ndiyo ya kwanza." Akajibu: "Hakuna neno, mwanangu. Fanya kazi ya Mungu."

Baada ya masomo kulikuwa na deni. Baada ya deni kulikuwa na watoto kuingia shule. Baadaye nilitumwa parokia nyingine. Kila mara nilikuwa na sababu nzuri, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Mama alifariki mwezi wa nne mwaka 2017, katikati ya mvua. Tulipokwenda kwa maziko, sufuria ilikuwa bado pale pembeni mwa kitanda.

Kwa miaka mingi niliiita hali hiyo sadaka: niliacha ya nyumbani kwa ajili ya kazi ya Bwana. Siku ile nilipokuwa na daftari mkononi nilikumbuka Marko 7:9-13. Hapo Yesu anawakemea watu wa dini waliosema kwamba kile ambacho kingewasaidia baba na mama yao ni Korbani, yaani kimewekwa kwa ajili ya Mungu. Nilikuwa nimehubiri juu ya andiko lile mara nyingi, nikiwaelekeza wengine. Shahada yangu ingeweza kusubiri miaka miwili. Chuo kile kipo mpaka leo. Mama hakuweza kusubiri, nami sikuwahi kujiuliza swali hilo, kwa sababu kwenye karatasi namba tatu na namba tano zilifanana.

Hilo ndilo neno kubwa la makala hii: usiulize kwanza ni lengo gani lililo kubwa zaidi au lenye heshima zaidi. Uliza lipi haliwezi kusubiri. Mara nyingi utakuta kwamba lisiloweza kusubiri lina jina la mtu.

Mtume Paulo alijua hivyo. Katika Warumi 15 anaeleza mipango mikubwa: kwenda Yerusalemu kupeleka msaada, kupita Roma, kufika mpaka Hispania. Lakini katika 2 Timotheo sura ya 4, akiwa kifungoni na anajua siku zake zimekaribia kwisha, orodha yake imekuwa fupi. Timotheo aje upesi. Amlete Marko. Alete joho, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Watu wanatangulia, kisha nguo ya baridi, kisha vitabu. Na Marko huyo ni yule aliyeleta ugomvi mkubwa kati ya Paulo na Barnaba zamani! Mwishoni anamhimiza Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Alijua kwamba baada ya hapo njia ya bahari hufungwa.

Rangi tatu za MUSO

Namna gani sasa ya kuipanga orodha? Nilipata msaada kwa wamama wa parokia yetu. Wengi wenu mko ndani ya MUSO. Mnajua kwamba pesa za kikundi hazichanganywi. Kuna sanduku la kijani kwa akiba na mikopo ya wanachama, kuna sanduku jekundu kwa msiba na ugonjwa, na kuna sanduku la bluu kwa pesa zinazotoka nje ya kikundi. Kikundi kinachochukua pesa ya sanduku jekundu ili kukopesha biashara kitajuta siku ya msiba.

Nilichukua kalamu za watoto, nikapaka alama kwenye orodha yangu yote.

Nyekundu ni yale yasiyosubiri: mzazi mzee, mtoto anayekua, mtu uliyekosana naye, ahadi uliyompa mgonjwa, deni kwa mtu maskini. Hapa ndipo unapoanza, hata kama ni jambo dogo na hakuna atakayekupigia makofi.

Kijani ni yale yanayokua polepole kwa jasho lako: masomo, akiba, nyumba, shamba, kujifunza ufundi, kusoma Biblia yote. Haya yanataka kiasi kidogo kila juma, bila kuchoka. Mtu anayeweka feranka 5,000 kila juma, baada ya mwaka ana feranka 260,000. Hiyo haijengi nyumba, lakini inanunua bati za kwanza.

Bluu ni yale ambayo mlango wake unafunguliwa na mwingine: kupata kazi fulani, viza, ndoa, kurudi kijijini wakati amani itakapopatikana. Haya uyaandike na uyaombee, ujiandae, lakini usiyafanye kuwa kipimo cha thamani yako. Katika Matendo 16 Paulo alitaka kwenda Bithinia, na Roho hakumruhusu. Hakuwa amefanya dhambi kwa kupanga, wala hakukaa Troa akilia. Alisubiri maono, akavuka kwenda Makedonia.

Hatua za kufuata

Baada ya kupaka rangi, fanya hivi.

Kwanza, andika majina. "Kusaidia familia" si lengo, ni hewa. "Kumlipia mdogo wangu wa mwisho shule mpaka apate diploma" ni lengo. Jina la mtu linakuzuia usijidanganye.

Pili, kwa kila lengo jekundu andika hatua ya siku saba. Hatua ya siku saba ni jambo unaloweza kufanya kabla ya Jumapili ijayo kwa pesa uliyo nayo: kupiga simu, kwenda kuuliza bei, kuomba msamaha, kununua daftari la darasa la watu wazima. Ukikosa hatua ya siku saba, ujue lengo hilo bado ni kubwa mno, likate vipande.

Tatu, hesabu gharama. Yesu katika Luka 14:28-30 anazungumza juu ya mtu anayeketi kwanza kuhesabu kabla ya kujenga mnara. Andika bei, muda na nguvu. Na mbele ya kila lengo la kijani jiulize: nikilipa hili, ni lengo gani jekundu linalonyimwa? Swali hilo moja lingeninusuru mwaka ule.

Nne, usishike mengi kwa mara moja. Mambo matatu yanatosha. Nehemia alikuwa na mzigo juu ya mji mzima, lakini alijenga ukuta kwanza, ukaisha kwa siku 52 (Nehemia 6:15). Mambo mengine ya mji yalifuata.

Tano, uwe na siku ya kuisoma, na mtu wa kuisoma pamoja nawe. Mimi na mke wangu tunaisoma Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya chakula. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba katika mambo yangu 19 ya zamani hakuna hata moja lililomtaja yeye baada ya "kuoa". Nilinyamaza. Tumeongeza.

Sita, jifunze kufuta. Lengo linaweza kutoka kwenye orodha kwa njia tatu: limetimia, limeachwa, au limerithishwa. "Kufika Yerusalemu" nimeliacha bila huzuni. Lilikuwa la kijana aliyetaka kuonekana. "Kuandika kitabu cha historia ya kanisa letu" ninalirithisha: nimekusanya ushuhuda wa wazee katika madaftari matatu, atakayeandika atakuta vifaa. Daudi alifanya vivyo hivyo. Alitaka kumjengea Bwana hekalu, akakataliwa, lakini Mungu alimwambia alifanya vema kuwa na nia hiyo moyoni (1 Wafalme 8:17-19). Basi akakusanya dhahabu, chuma, mawe na mierezi kwa ajili ya Sulemani (1 Mambo ya Nyakati 22).

Hali inapovunja mpango

Nasikia mtu anasema: "Mchungaji, mimi nilikuwa na akiba, benki zikafungwa. Nilikuwa na shamba, siwezi kufika. Unaniambia kalamu za rangi?"

Ndugu yangu, dada yangu, sikudharau. Kuna malengo ya kijani ambayo watu walivunjiwa na wengine, na ni haki kuyalilia mbele za Mungu. Zaburi zimejaa kilio cha namna hiyo. Lakini angalia kitu kimoja: malengo mekundu mara nyingi ndiyo ya mwisho kunyang'anywa. Vita inaweza kuchukua pesa ya masomo. Haiwezi kukuzuia kumwomba mtoto wako msamaha jioni hii.

Kuna mama mmoja tunayeabudu naye. Alikimbia kijiji chake, akakaa kambini, akapoteza mbuzi wote. Nilipowaomba wamama waandike malengo, alinipa mdomoni, kwa maana hakujua kuandika. Alitaja matatu tu: kumpata mtoto wa dada yake waliyepotezana njiani, kuanza tena kuuza makala, na kusoma Zaburi moja mbele ya kanisa kwa macho yake mwenyewe. Aliingia darasa la watu wazima na miaka yake zaidi ya hamsini. Makala aliuza, akaacha, akauza tena. Mtoto bado hajapatikana, na kila mwezi anauliza kwa wale wanaotoka upande ule. Lakini Jumapili moja alisimama na Zaburi ya 121, akasoma neno kwa neno, kidole juu ya ukurasa. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyesogea kwenye benchi.

Namba kumi na moja

Lengo la pili lililoniuma lilikuwa namba 11: "Kupatana na yaya juu ya shamba la baba." Baba alifariki mwaka 2002, na ugomvi wa shamba ulitutenganisha mimi na kaka yangu mkubwa. Tulisalimiana kwenye misiba tu. Hata kwenye maziko ya mama tulisimama pande mbili za kaburi.

Nilipaka namba 11 rangi nyekundu. Hatua ya siku saba ilikuwa simu. Niliipiga siku ya sita. Aliitikia, akakaa kimya, akasema njoo tuonane. Boti za ziwani ziliporudi kufanya kazi vizuri, nilipanda ya usiku kwenda Bukavu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi na maandiko. Sikuyatumia. Nilisema: "Yaya, nimekuja kuomba msamaha kwa miaka hii yote." Akanitazama. "Mdogo wangu," akasema, "miaka zaidi ya ishirini, na nyumba yangu ulikuwa unaijua."

Hakuwa na hasira aliposema hivyo, na ndiyo maana yalinichoma. Mke wake alileta bugali na samaki, tukala sahani moja. Jambo la shamba halijaisha; watoto wake wana maneno yao, na sasa hivi hakuna anayeweza kulifikia. Lakini ananipigia simu Jumamosi, nami ninampigia Jumatano. Mbele ya namba 11 sijaandika "limetimia". Nimeandika "limeanza", na tarehe.

Mbele ya namba tatu nimeandika tarehe aliyofariki mama. Sikulifuta. Mtu mmoja alinishauri nijenge nyumba ya mjane mwingine ili moyo utulie. Huenda siku moja nitajenga, kwa sababu mjane anahitaji nyumba. Ila sitaki kumtumia mjane kama kifutio. Nimetubu, na ninaamini damu ya Yesu inanitosha. Namba tatu inabaki kwenye ukurasa ili inifundishe kusoma zile nyingine.

Zaburi 90:12 ni ombi la kufundishwa kuhesabu siku zetu ili tupate moyo wa hekima. Kuhesabu siku ni hivyo tu: kujua kwamba hazilingani, kwamba kuna siku ambayo ukiipitisha haitarudi na mtu yuleyule.

Kijana wangu, ukisoma haya, chukua tena ile karatasi nyeupe. Usianze na miaka kumi. Andika jina moja. Andika utakachofanya kabla ya Jumapili. Anza na "Bwana akipenda", kisha ukafanye. Na karatasi ikishaandikwa, iweke ndani ya mfuko, pamoja na zile nyingine ambazo hatuziachi nyuma.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani

1. Soma 2 Timotheo 4:9-21. Kama ungebaki na mambo manne tu ya kuomba, yangekuwa yapi, na majina ya nani yangekuwemo?

2. Ni lengo gani jekundu unalolichelewesha kwa sababu nzuri? Je, kuna "Korbani" katika nyumba yako?

3. Parokia yetu ina mipango ya majengo na vyombo. Ni wazee, wajane au wagonjwa gani wasioweza kusubiri mpaka jengo liishe?

Mungu wa amani awalinde, mtokapo na mwingiapo. Amina.